Mkonge kwao ni wapi? Mmea usio na mbegu wala pori lake

Ukitoka Segera kuelekea Tanga, au Voi kuelekea Taveta, utaona milingoti imechomoza juu ya mashamba ya mkonge. Mingine ina maua ya kijani na manjano, mingine imeshakauka na kubaki mitupu. Simama chini ya mmoja ulioanza kukauka, kisha uiname. Ardhi imejaa vikonyo. Okota kimoja. Kina urefu wa kidole hivi, majani yake machache yamebanana kama kitunguu kilichoanza kuchipua, na kwenye kitako kuna vinundu vidogo vyeupe. Vinundu hivyo ni mizizi inayosubiri udongo. Kikonyo hakijafika chini, tayari kimejiandaa kuota.

Shambani wengi huviita mbegu, na kwa kazi ya shambani neno hilo linatosha, maana ndivyo vinavyopelekwa kitaluni. Lakini mbegu ya kweli hutokana na chavua kukutana na yai la ua, kwa hiyo ina mama na baba. Kikonyo hakina baba. Ni kipande cha mkonge uleule kilichochipuka juu ya mlingoti wake. Na mkonge huo nao ulitokana na kikonyo, au na otea lililochomoza ubavuni mwa shina, na uliotangulia vivyo hivyo, na uliotangulia huo pia, hadi nyuma kabisa.

Sasa nyuma kabisa ni wapi? Ukiuliza, utajibiwa "Mexico", na jibu hilo ni sahihi. Ila halimalizi swali. Mimea mingi ya jamii hii ina pori lake: mlima fulani, bonde fulani, mwamba fulani ambako inaota bila kupandwa na mtu. Mkonge wa mashambani, ambao jina lake la kisayansi ni Agave sisalana, haujapatikana mahali pa namna hiyo. Tunaujua mmea huu kwenye mashamba, kwenye ua wa nyumba na kandokando ya njia, popote mkono wa binadamu ulipofika. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua kwao, lazima uusome mwili wake.

Jina la hapa, mmea wa kule

Tuanze na jina, kwa sababu nalo lina safari yake. Kabla ya mashamba makubwa, watu wa Pwani walikuwa na mkonge wao wa porini: mmea mfupi wa majani manene yenye mabaka, unaokaa kwenye vichaka na chini ya vivuli, na nyuzi zake zilisokotwa kamba. Wataalamu wa mimea waliuweka katika kundi la Sansevieria, ambalo siku hizi limeingizwa ndani ya jenasi ya Dracaena. Aina mojawapo inaitwa kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, na miaka ya 1880 nyuzi zake zilijulikana Ulaya kama katani ya Pangani.

Mwaka 1893 ukaja mgeni. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida. Vilipelekwa kwanza Hamburg, kisha vikaletwa Tanga. Safari ilikuwa ndefu na vingi vilioza njiani. Vilivyofika hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, katika wilaya ileile ambayo jina lake lilikuwa tayari limebeba katani ya zamani. Watu wakaona majani marefu yenye nyuzi, wakauita mkonge. Jina likahama kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, na leo ukisema mkonge hakuna anayefikiria kile kichaka cha vivulini.

Lakini Florida nayo haikuwa nyumbani. Huko mkonge ulipelekwa na Henry Perrine, daktari aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Campeche, Mexico. Alipenda sana mimea ya nchi za joto, na ndiye aliyeuandika mkonge kisayansi mwaka 1838. Mwaka 1840 aliuawa katika shambulio la kisiwa cha Indian Key wakati wa vita vya Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, na miche aliyoileta ikaendelea kuota bila yeye. Jina sisalana alilitoa kwenye Sisal, bandari ndogo ya Yucatán ambako nyuzi zilipakiwa melini. Ni sawa na kumpa mtu jina la kituo alichopandia basi. Linakueleza alipitia wapi, halikuelezi alizaliwa wapi.

Hata Yucatán kwenyewe mkonge huu ulikuwa mmea wa kupandwa. Wamaya walitofautisha aina mbili kwa rangi ya majani: sacci, yaani mweupe, na yaxci, yaani wa kijani. Mweupe ni Agave fourcroydes, unaoitwa pia henequen, na huo ndio uliotajirisha mashamba makubwa ya Yucatán. Wa kijani ndio huu wetu.

Ukoo wenyewe

Jenasi ya Agave ilipewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1753, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtukufu. Ina spishi kama 200. Nyingi zinapatikana Mexico, nyingine zimesambaa kusini mwa Marekani, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Bara la Afrika halikuwa na hata moja.

Watu huchanganya mkonge na shubiri kwa sababu ya majani manene yaliyojipanga kwa duara. Huchanganya pia na mananasi, na wengine hudhani ni ndugu wa kaktasi. Hapana. Shubiri ni ukoo mwingine wa Afrika uliofikia umbo linalofanana kwa sababu ulikabiliana na shida ileile ya ukame. Mkonge umo katika familia ya Asparagaceae. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipolijua: Sansevieria nayo imo katika familia hiyohiyo. Wale watu wa Pangani waliompa mgeni jina la mwenyeji hawakuwa na hadubini wala maabara, lakini waliweka jina ndani ya ukoo.

Ndani ya jenasi hii kuna majitu. Agave salmiana, anayeishi kwenye nyanda za juu za Mexico, ana majani mazito yenye meno makubwa, na mlingoti wake huweza kufika mita 8. Agave americana, yule wa majani ya kijivu yenye kingo za manjano anayepandwa kwenye bustani za Nairobi na Arusha, naye hufikia kimo kama hicho. Mkonge wa mashamba ni mwembamba kuliko hao, lakini si mdogo: majani yake hufika mita moja na nusu, na mlingoti mita 5 au 6.

Sasa mazingira. Ukisema Mexico na ukame, mtu huona mchanga na jua kali. Agave wengi hawakai kwenye mchanga. Hukaa kwenye mawe: miteremko ya miamba, nyufa za chokaa, vilima vyenye misonobari na mialoni, na hasa kwenye misitu mikavu ya nchi za joto, ile ambayo miti yake hupukutisha majani yote kiangazi. Mahali hapo mvua hunyesha, tena kwa nguvu, kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba. Kisha hukatika. Miezi sita au zaidi inapita bila mvua ya maana, na mwamba haushiki maji. Kwa hiyo tatizo la mmea si kwamba mvua haiji kabisa. Inakuja, inapita juu ya mawe kwa siku chache, inaondoka. Anayetaka kuishi hapo lazima anywe haraka na atunze kwa muda mrefu.

Mkonge unanywa hivyo. Chimba kando ya shina utashangaa jinsi mizizi ilivyo juujuu. Mingi imo katika sentimita 40 za kwanza, imesambaa pande zote kama kamba za hema, hakuna mzizi mkuu unaokwenda chini. Mwanafiziolojia wa mimea Park Nobel, aliyewachunguza agave wa jangwani huko California kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mvua ikinyesha, mizizi midogo mipya huanza kuchipuka ndani ya muda mfupi sana. Ukame ukirudi, mizizi hunywea na kujitenga kidogo na udongo. Nafasi hiyo ya hewa, nyembamba mno, ndiyo kufuli. Udongo mkavu hauwezi tena kuyavuta maji kutoka kwenye mmea.

Pumzi ya usiku

Kutunza maji ndiyo kazi ya jani, na hapa ndipo mkonge unaponistaajabisha zaidi.

Kila mmea unahitaji hewa ya ukaa ili kutengeneza chakula. Hewa hiyo huingia kupitia vitundu vidogo vya jani ambavyo shuleni huitwa stomata. Shida ni kwamba kitundu kikifunguka kuingiza hewa, mvuke wa maji nao hutoka. Mpunga, maharage na miti mingi hufungua vitundu mchana, jua likiwaka, na hulipa gharama hiyo: kwa wastani maji gramu 400 hadi 500 hupotea kwa kila gramu moja ya hewa ya ukaa iliyopatikana. Mmea wa aina ya mkonge hupoteza gramu 50 hadi 100 tu.

Siri ni saa. Mkonge hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku, hewa ikiwa ya baridi na yenye unyevu. Lakini usiku hakuna jua, na bila jua chakula hakipikwi. Kwa hiyo hewa ya ukaa inayoingia usiku hufungwa kwanza ndani ya asidi, asidi ya maliki, ileile inayoyapa matofaa mabichi ukali wake, na kuwekwa akiba ndani ya seli kubwa zilizojaa maji. Kukipambazuka vitundu vinafungwa. Jua linawaka, mmea unaivunja ile asidi, unaifungulia ile hewa ndani kwa ndani na kuifanyia usanisinuru milango ikiwa imefungwa.

Kuna aliyeligundua hili kwa ulimi wake. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alieleza katika barua iliyochapishwa mwaka 1815 kwamba majani ya mmea mmoja wa bustanini yalikuwa makali kwa asidi asubuhi, adhuhuri hayana ladha, na jioni yamekuwa na uchungu kidogo. Mmea wake haukuwa agave, lakini utaratibu ni uleule. Usijaribu kufanya hivyo kwa jani la mkonge. Maji yake yana fuwele ndogo za kalsiamu zenye ncha kama sindano, na yeyote aliyewahi kukata mkonge bila kujikinga mikono anaijua ile washawasha inayobaki kwenye ngozi hadi usiku.

Chukua jani lililokatwa ulitazame. Juu lina nta ya kijivu inayofutika kwa kidole. Ukiifuta, kijani kilichokoza kinatokea. Mwisho wake kuna mwiba mmoja mweusi wa sentimita 2 hivi, mgumu kama msumari. Kingo zake ni laini, na hiyo si kawaida kwa ukoo huu ambao wengi wao wana meno ya msumeno. Inawezekana kabisa kwamba watu wa kale huko Mexico waliuchagua mkonge huu na kuuzidisha kwa sababu hiyo, maana jani lisilochana mikono ni rafiki wa mfumaji. Sasa lipasue kwa marefu. Kwenye nyama nyeupe yenye maji utaona singa, yaani nyuzi zenyewe. Jani moja lina kama 1,000. Zilizo karibu na ngozi ni imara, zimejipanga kulishikilia jani lisikunjike. Zilizo katikati zimefuatana na mirija ya maji na chakula, na ni bapa kidogo. Pamoja na wingi huo, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na nyama, yaani ghala la kiangazi. Korona (mashine ya kutenganisha singa na nyama ya jani) inachokitupa pembeni kama takataka ndicho mmea ulichokuwa ukikihesabu kuwa ndiyo mali yake.

Mlingoti

Kwa miaka mkonge hufanya kazi moja: kutoa jani baada ya jani kutoka katikati, kila moja likifunguka kutoka kwenye kitumba kilichochongoka. Kabla ya mlingoti hutoa majani 200 hadi 250. Sukari inayotengenezwa inarundikwa kwenye shina. Kisha, kati ya mwaka wa 7 na wa 10 kwa kawaida, kitumba cha katikati kinabadilika. Majani yanayotoka yanakuwa mafupi na membamba. Mkulima akiyaona hayo anajua muda umefika. Ile ncha iliyokuwa inazaa majani inageuka kuwa mlingoti, na kwa kuwa ncha ni moja tu, hakuna kurudi nyuma. Mlingoti hupanda kwa zaidi ya sentimita 10 kwa siku, ukila akiba ya miaka yote. Majani yananyauka, shina linabaki tupu, mmea unakufa.

Wamexico waliijua akiba hiyo zamani sana. Kwa Agave salmiana, mkulima huukata moyo wa mmea kabla mlingoti haujachomoza, akakwangua shimo katikati, na utomvu mtamu uliokuwa uende juu hujikusanya humo kila siku kwa miezi kadhaa. Utomvu huo hunywewa mtamu, au huachwa uchachuke uwe pombe iitwayo pulque. Agave tequilana wa Jalisco hungojwa hadi shina lijae sukari, kisha majani hukatwa yote na shina kupikwa ili kutengeneza kileo cha tequila.

Kwa nini mmea ungojee miaka yote hiyo ili uchanue mara moja na kufa? Jibu limo hewani, usiku. Agave wa milingoti mikubwa wengi huchavushwa na popo. Nao ni popo wa aina ya Leptonycteris, wenye pua ndefu na ulimi mrefu, wanaokunywa maji matamu ya maua, yaani mbochi. Baadhi yao huhama kila mwaka kutoka kati na magharibi mwa Mexico hadi mpakani mwa Marekani, wakifuata kaktasi mirefu na agave zinavyochanua, kituo hadi kituo. Popo haoni ua dogo chini ya kichaka. Anaona mlingoti uliosimama peke yake juu ya kila kitu, unaonukia, uliojaa mbochi. Mlingoti mrefu zaidi na wenye mbochi zaidi hutembelewa zaidi. Agave aliyejibana akaweka kila kitu kwa usiku wachache huacha mbegu nyingi kuliko yule anayechanua kidogokidogo.

Ndiyo maana mashamba ya tequila yaliwadhuru popo hao: shina huvunwa kabla ya maua, kwa hiyo maelfu ya ekari hayana ua hata moja. Rodrigo Medellín, mtafiti wa popo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, amewashawishi baadhi ya wakulima kuacha asilimia 5 ya agave zao zichanue. Mwaka 2018 mmoja wa popo hao, Leptonycteris yerbabuenae, aliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini, na alikuwa popo wa kwanza kuondolewa kwa sababu ya kupona.

Mbona wetu hauzai?

Mkonge wa Tanga nao huchanua. Una matawi yake, maua yake, stameni zake ndefu zinazoning'inia, harufu yake nzito isiyopendeza. Kisha maua yanaanguka, na mahali pake hakuna tunda. Vinachipuka vikonyo, mlingoti mmoja ukibeba hata zaidi ya 1,000. Mtu angedhani ni kwa sababu popo wa Mexico hawapo. Sivyo. Hata ukiupeleka kwao, hautazaa.

Sababu imo ndani ya seli. Kila seli ina kromosomu, yaani vijiti vidogo mno vinavyobeba urithi, na seti ya msingi ya agave ina 30, tano kubwa na 25 ndogo. Agave wa kawaida ana seti mbili, jumla 60, moja ya mama na moja ya baba. Wakati wa kutengeneza chavua, kromosomu hupangana wawili wawili, kisha kila jozi hugawanyika sawasawa. Mkonge una karibu kromosomu 150, yaani seti tano. Gawa watu watano wawili wawili: mmoja anabaki. Hapa wanaobaki bila mwenza ni wengi, wanatawanyika ovyo, huku wengi na huku wachache, na chavua inayotokana karibu yote ni tasa.

Seti tano hazitokei katika mmea uliozaliwa na wazazi wanaofanana. Ni dalili kwamba mahali fulani, wakati fulani, wazazi wawili wenye idadi tofauti walikutana, wakazaa chotara. Howard Scott Gentry, Mmarekani aliyezunguka milima na mabonde ya Mexico kwa miongo kadhaa akiwafuata agave, alilichukulia swali hili kwa uzito katika kazi yake kubwa ya mwaka 1982. Hakwenda kuutafuta mkonge porini tu, alitazama pia watu wanautumiaje. Kule Yucatán ulionekana kama zao. Chiapas, jimbo la kusini linalopakana na Guatemala, aliukuta umezungushwa kama ua wa nyumba za vijijini, na kazi za nyuzi zake zilikuwa za jadi. Kwa hiyo alipendekeza Chiapas kuwa ndiko uliko asili yake, na kwamba huenda wazazi wake ni Agave angustifolia na Agave kewensis.

Pendekezo hilo linanishawishi, hasa kwa ajili ya mzazi wa kwanza. Agave angustifolia ndiye msafiri mkuu wa ukoo huu. Anapatikana porini kutoka Sonora kaskazini hadi Costa Rica, kutoka kwenye vichanga vya ufukweni hadi juu milimani, hasa kwenye ile misitu mikavu inayopukutisha majani. Ukiutazama mkonge, mizizi ya juujuu, jani la maji, kupenda jua, kuchukia maji yanayotuama, kuhitaji kalsiamu nyingi kiasi kwamba kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hudhoofika usipowekewa chokaa, unaiona nchi hiyo ya mawe na chokaa imebaki ndani ya mwili. Pori la mkonge halipo, lakini pori la wazazi wake lipo, na mkonge unalikumbuka.

Amani na Mlingano

Tatizo la mmea mmoja unaojirudia ni kwamba udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Huko Bahia, Brazil, nchi inayoongoza sasa kwa uzalishaji wa mkonge, kuvu aina ya Aspergillus huozesha mashina na kuyageuza mekundu ndani, na ukienda shamba la pili na la tatu unakuta hakuna ndugu mwenye kinga, kwa sababu hakuna ndugu.

Hilo lilieleweka mapema Usambara. Watafiti wa kituo cha Amani, na baadaye wa Mlingano, kituo cha mkonge kilichoanzishwa wilayani Muheza mwaka 1934, waliamua kutafuta damu mpya. Kati ya agave waliokuwa wamekusanywa Amani, mmoja wa majani ya bluu ulionekana si spishi iliyokwisha kuandikwa. Mwaka 1933 ukapewa jina Agave amaniensis, yaani wa Amani. Mmea wa asili ya Mexico ukabeba jina la kijiji cha milima ya Tanga.

Walimwoza amaniensis kwa angustifolia, kisha mtoto wakamrudisha tena kwa amaniensis. Katika miche iliyopatikana wakachagua mmoja, ambao jina lake ni namba tu: chotara 11648. Hutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa zamani kabla ya kuchomoza mlingoti, na leo ndio unaoenea katika mashamba mengi ya Tanzania. Kwa hiyo unapopita barabarani, huenda unachokiona si kizazi cha wale 62 wa Kikogwe. Ni mjukuu wa angustifolia, yule yule anayedhaniwa kuwa mzazi wa mkonge wa zamani. Lakini chotara huyo naye akishachaguliwa, alizidishwa kwa vikonyo na maotea. Ni mmea mmoja tena, na ana udhaifu wake, hasa ugonjwa wa milia unaoletwa na vimelea vya Phytophthora.

Katika kuhama kwake mkonge haukuja peke yake. Fukusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus, mdudu mweusi mwenye pua iliyopinda, ni mwenyeji wa Amerika. Alivuka bahari na miche na sasa hutoboa mashina hapa kama alivyozoea kule. Popo wa pua ndefu hakuvuka. Maua ya Muheza bado yanajaza mbochi na kumwaga harufu ile nzito, juu kabisa ya mlingoti ambapo popo angeyaona kutoka mbali. Asubuhi nyuki wa hapa wanapanda kunywa, na chini ya kila ua kikonyo kimeshaanza kuvimba.